Filamu ya Wahuni na Kofia ya Bwana Sleyum

Kama wiki iliyopita ulinionea huruma, leo ichukue huruma yako urudi nayo nyumbani. Haya ya leo niliyataka mwenyewe.

Kwa wewe unayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni Audax wa Bukoba. Nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, kibanda kikaungua, nikakimbilia Oman kubeba maboksi kwenye ghala moja huku Rusayl. Wiki iliyopita nilieleza jinsi nilivyoipata filamu moja ya Kiingereza ya wahuni wa London, nikaiwekea sauti yangu ya Kiswahili, ikasambaa kwenye simu za Waswahili wa Maskati yote. Nikawa mtu maarufu, wakanibandika jina la Sauti ya Radi. Sasa ngoja nikueleze umaarufu ulivyonifanya.

Kwanza filamu yenyewe. Bosi mmoja wa wahuni anamuua mchumba wa binti yake kwa bahati mbaya, saa moja kabla ya harusi. Anaogopa kumwambia binti. Basi yeye na vijana wake wanaificha maiti kwenye gari la kuuza aiskrimu, na kila wakijaribu kuitupa, muziki wa lile gari unalia wenyewe na watoto wa mtaa mzima wanalikimbilia.

Mara ya kwanza tuliitazama kambini bila tafsiri, Ijumaa baada ya chakula. Hakucheka mtu. Japhet, anayelala kitanda cha chini yangu, alisimama mbele ya televisheni.

"Hivi hawa Wazungu wana akili timamu? Maiti inafanyiwa mzaha?"

"Ni kichekesho hiki," nikamwambia.

"Kichekesho kiko wapi? Mama wa marehemu yuko kanisani amevaa kofia ya harusi, mwanawe kalazwa kwenye barafu! Zima, bwana. Mnatutafutia mikosi."

Zakayo, mwenzetu wa chumba, alichukua taulo lake akaenda kuoga, na mtu akienda kuoga katikati ya filamu ujue filamu imekufa.

Ndipo kiherehere changu kilipoamka. Wiki nzima nilikuwa nikitoka kazini najifungia stoo na simu, nachomekea sauti. Bosi nikampa jina la Mzee Kipara, maiti nikaiita Bwana Harusi wa Friji. Ijumaa iliyofuata nikaiweka tena. Watu wale wale, maiti ile ile. Japhet alicheka mpaka akaomba tusimamishe apumue.

"Sasa hii ndiyo filamu!" akasema. "Ile ya juzi ilikuwa nini?"

Nikavimba kichwa. Na sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: Kiingereza cha wahuni wale sikukielewa hata nusu. Mimi Kiingereza changu ni cha darasani, wale wanameza maneno wakitema mate. Kila niliposhindwa, niliweka langu. Na kwetu sisi watafsiri hiyo si aibu, ndiyo utamu wenyewe. Kule Bukoba nilikuwa nachomekea habari za mwenyekiti wa mtaa katikati ya filamu ya Kichina, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa anakuja kuzisikiliza.

Kuna sehemu moja ilinitoa jasho. Mzee Kipara anarudi nyumbani, anakaa jikoni, anakunywa supu. Mkewe anaiokota kofia yake mezani, anaigeuza ndani nje, anaitazama muda mrefu. Halafu anasema maneno machache kwa sauti ya chini. Nilirudisha nyuma mara ishirini. Sikuambulia kitu.

Basi nikamtilia yule mama maneno haya: "Kofia hii sikuishona mimi. Ulisema unakwenda Salalah kikazi. Salalah gani hiyo inayoshona kofia?"

Kambi nzima ililipuka. Na maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya dada yangu Dativa.

Dativa ni mdogo wangu wa kufuatana. Mwaka wa nne huu anafanya kazi za ndani Mawaleh, kwa Bwana Sleyum, mkubwa mmoja mwenye ofisi yake kule Maskati ya zamani. Familia ile ni Waomani waliotoka Unguja, Kiswahili chao kitamu kuliko changu. Mke wa Bwana Sleyum, Bi Balqees, humshonea mumewe kofia kwa mkono, zile za duara zenye vitobo vilivyozungushiwa nyuzi. Kofia moja miezi mitatu, minne. Na katika kila kofia, ndani kwenye ukingo, huficha mshono mmoja wa kijani. Ndiyo alama yake.

Anayezifua na kuzitia wanga ni Dativa. Mwezi mmoja Bwana Sleyum alirudi kutoka safari ya kikazi Salalah, kusini kabisa mwa Oman, na katika nguo za kufua ikatoka kofia haina mshono wa kijani.

Dativa akanirekodia sauti, anacheka kwa kunong'ona: "Kaka, baba wa humu ana mke mwingine. Na huyo naye anajua kushona, we acha tu."

Nilicheka. Kisha nikaiweka akiba. Usiniulize kama nilijua watu wale wanasikia Kiswahili. Nilijua! Nilichojidanganya ni kwamba watu wakubwa kama wale hawatazami takataka za wabeba maboksi.

Jumatano Dativa akanipigia, sauti iko juu kwa furaha.

"Kaka! Bibi anakutaka!"

"Bibi gani?"

"Bi Sayyida, mama yake baba. Kaiona filamu yako kwenye simu, anaitazama kila siku, anacheka peke yake chumbani. Nikamwambia huyo ni kaka yangu tumbo moja! Hakuamini. Anataka Ijumaa uje uwatafsirie nyumbani, familia yote, mubashara."

"Wewe umeiona yote?"

"Niione saa ngapi? Nimeona pale mwanzo tu, kwenye gari la aiskrimu. Kaka, njoo. Umenipa heshima humu ndani hujui tu. Na Jumanne nasafiri, itakuwa kama unaniaga."

Hapo ndipo penyewe, msomaji wangu. Jumanne. Dativa hakuwa ameenda nyumbani kwa miaka minne. Mwanawe Filomena alimwacha ana miaka miwili, anapanga vidole kuonyesha umri wake. Sasa ana sita, anamwita bibi yake mama, na kwake Dativa ni "yule wa kwenye simu". Tiketi alikuwa ameishika Bwana Sleyum. Pasipoti ilikuwa kwenye kabati la Bi Balqees. Mkono mmoja wa mwenye nyumba ukigoma, safari hakuna.

Mtu mwenye akili angesema anaumwa. Mimi nilipiga hesabu zangu za kijinga: kama nikitafsiri mubashara, sehemu ya kofia ninairuka, nasema mengine, habari imekwisha. Na, nisikufiche, nilizitaka zile sifa.

Ijumaa likaja gari kunichukua. Dereva akanishusha mlango wa mbele, ule mkubwa wa mbao wenye misumari ya shaba. Dativa ndiye aliyenifungulia, amevaa nguo mpya, mikono ina harufu ya hiliki.

"Karibu, mheshimiwa," akanitania. "Umefika siku moja umepitia mlango huu. Mimi miaka minne napitia jikoni."

"Dativa, sikiliza, kuna kitu..."

"Baadaye, kaka. Kahawa inachemka."

Akaondoka mbio. Ningemshika mkono. Sikumshika.

Sebuleni walikuwa wanne. Bi Sayyida, bibi wa miaka sabini na zaidi, kakaa kiti cha katikati. Ghadeer, binti wa nyumba, yuko chini kwenye zulia na simu yake. Bi Balqees yuko pembeni na kofia ambayo haijaisha mapajani, anashona, hainui macho. Na Bwana Sleyum mwenyewe, karudi safari asubuhi ile, katoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia kichwani.

"Ndo wewe Sauti ya Radi?" Bi Sayyida akaniuliza.

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mie umenivunja mbavu wee! Yule bwana harusi wa friji! Kaa, kaa hapa karibu. Ghadeer, iwashe."

"Mama, filamu za kuuana hizi," akasema Bi Balqees, sindano inakwenda.

"We shona tu, wallah nawe utacheka."

Nikaanza. Na nilikuwa moto siku ile, jamani. Lile gari la aiskrimu lilipolia muziki kanisani, hata Bwana Sleyum alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. Dativa akawa anatoka na halwa, anasimama mlangoni kidogo, anatabasamu, anarudi. Nilimwona alivyokuwa ananitazama. Hakuna mtu amewahi kunitazama vile.

Ghadeer peke yake hakucheka.

"Filamu hii wenyewe Waingereza iliwagawa," akasema. "Nlikuwa nasoma kwao, Leeds, ilipotoka. Wengine walitoka nje katikati, wengine walicheka. Mwenzangu wa chumbani alilia. Mimi nlilia naye."

"Ulilia nini na watu wanachekesha?" bibi yake akamuuliza.

"Hawachekeshi, Bibi. Wanaogopa."

Na sehemu ya jikoni ikaingia. Mzee Kipara na supu yake. Mkewe akaiokota kofia.

Nikavuta pumzi. "Mume wangu," nikasema kwa sauti ya kike, "supu imekolea chumvi?"

Bi Sayyida akanikata jicho.

"Ala!" akasema Bi Sayyida. "Siyo hivyo. Sema ile ya kofia."

"Ipi, bibi?"

"Usinifanye mtoto. Nnaijua kwa moyo mie." Akajiweka sawa kitini, akamgeukia mkwewe, akaisema yote, neno kwa neno, na sauti yangu akaiiga. "Kofia hii sikuishona mimi. Ulisema unakwenda Salalah kikazi. Salalah gani hiyo inayoshona kofia?"

Hakucheka. Nikamwangalia vizuri yule bibi kizee, na hakuwa anacheka kabisa.

Sindano ya Bi Balqees ilikuwa imesimama.

"Rudia, Mama," akasema.

"Ushasikia, mwanangu."

Bi Balqees akainuka, akaweka kushona kwake pembeni, akaenda hadi kwa mumewe. Akamvua kofia kichwani kama unavyomvua mtoto. Akaigeuza. Kwenye televisheni yule mama wa Kizungu naye kashika ya kwake, hivyo hivyo. Ghadeer akasimamisha picha.

"Hii si yangu," akasema Bi Balqees.

"Nimeinunua Matrah, sokoni," akasema Bwana Sleyum haraka. "Wiki ilopita. Kofia tu, Balqees. Watu hawanunui kofia?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe! Haya maneno umeyatoa wapi?"

"Kwenye filamu, mzee," nikasema. "Salalah nimeongeza mimi kunogesha. Ila habari ya kofia kushonwa na mwanamke mwingine, ndivyo wanavyosema wenyewe."

Muongo nimezaliwa, muongo nimekua. Lakini nilisahau kuna mtu kasoma Leeds.

"Siyo," akasema Ghadeer taratibu. "Huyu mama anasema: kofia ina damu. Nenda kanawe, chakula kinapoa. Basi. Ashajua mumewe kaua mtu, anamwambia akanawe ale. Hapa ndipo nlipolia." Akanitazama. "Hakuna mshono hapa. Hakuna mwanamke mwingine. Umeambiwa na nani?"

Dativa alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Vikombe vilikuwa vinagongana.

Bi Balqees hakunitazama mimi. Mimi ni nani hata anitazame? Alimwendea Dativa na ile kofia mkononi.

"Wewe ndo unayefua," akasema. Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Baba yako anasema kainunua wiki ilopita. Nnakuuliza, Dativa. Kofia hii ushaifua mara ngapi?"

"Dativa," akasema Bwana Sleyum. "Kumbuka vizuri kabla hujajibu. Jumanne una safari."

"Na mie nnamkumbusha pasipoti iko wapi," akasema mkewe, bila kugeuka.

Dada yangu akamtazama huyu, akamtazama yule. Akisema mara moja, kamdanganya mwenye pasipoti, na mwanamke yule si wa kudanganywa habari za nyuzi. Akisema nyingi, kamvua nguo mwenye tiketi mbele ya mama yake na bintiye. Nikajua Filomena yuko mbele ya macho yake pale.

Ningenyamaza. Mungu wangu, ningenyamaza tu mara moja katika maisha yangu!

"Mara moja, Mama!" nikaropoka. "Dativa mwenyewe aliniambia, ni mara moja tu!"

Nilipofunga mdomo ndipo niliposikia nilichosema.

Dativa alifumba macho.

"Kumbe alikwambia," akasema Bi Balqees.

Akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inakatika. "Miaka minne unakula nami sahani moja, Dativa. Mwanao akiumwa nakaa nawe usiku kucha kwenye simu. Umeijua aibu yangu, ukaona umpe kaka yako aichezee filamu. Waswahili wa Maskati yote wamenicheka. Mie peke yangu nlikuwa sijui."

"Mama, niliogopa kukwambia."

"Kumwambia yeye hukuogopa."

"Balqees, mtoto hana makosa," akasema Bi Sayyida.

"Nawe Mama ulijua!"

"Nlijua tangu Ramadhani. Huyu mwanangu, nimweleze mkewe kwa mdomo gani? Nlingoja mtu mwengine aseme."

Kumbe, jamani. Kumbe sikuitwa kwa ajili ya sauti yangu. Nilidhani nimealikwa kutumbuiza, kumbe nilitumwa kama mtu anavyotuma barua, na mimi nikavaa shati jipya.

Bwana Sleyum akasimama, akaitoa tiketi mfukoni mwa kanzu. Alikuwa kaileta ampe Dativa siku ile, mbele ya kaka yake, kwa heshima. Akaikunja mara mbili, akairudisha.

"Khalas, yamekwisha," akasema. "Safari ya Jumanne haipo."

"Baba, mtoto wangu ananisubiri," akasema Dativa. "Ameshonewa gauni la kunipokea."

"Ungemfikiria kabla hujafungua mdomo."

Nikamtazama Bi Balqees. Nilidhani huyu atamtetea, japo kwa kumkomoa mumewe. Aligeuza uso. Wanandoa wale walikuwa hawajakubaliana kitu siku ile ila hicho kimoja.

Nikapiga magoti. "Mzee, Mama, kosa ni langu. Nifukuzeni mimi nchini, nipelekeni popote..."

"Kaka, nyamaza," akasema Dativa.

Aliweka sinia chini, polepole, hata tone halikumwagika. Akaokota rimoti zuliani pale karibu na Ghadeer. Akairudisha filamu nyuma hadi Mzee Kipara akawa anavuta kiti, supu inafuka moshi. Akanitia rimoti mkononi.

"Tafsiri tena," akaniambia.

"Dativa..."

"Tafsiri, kaka. Umeitwa kutafsiri. Safari hii sema maneno yao. Usiweke yangu."

Hakulia. Heri angelia. Alifungua aproni yake kiunoni, akaikunja kwa utaratibu kama anavyokunja kila kitu katika nyumba ile, akaiweka kwenye mkono wa kiti cha Bi Sayyida.

Nikabonyeza. Yule mama wa Kizungu akaiokota kofia, akaigeuza. Wote wakanitazama mimi.

"Kofia hii," nikaanza, na sauti yangu ya radi ilitoka kama ya mgonjwa. "Kofia hii ina damu. Nenda kana..."

Sikumaliza. Nyuma yangu nilisikia komeo likivutwa. Ulikuwa ule mlango mkubwa, wa mbele. Nilipogeuka niliona jua la saa tisa limejaa kizingitini, na ndala za Dativa zikishuka ngazi kuelekea barabarani, bila tiketi, bila pasipoti, bila hata simu.

"Ukitoka humo," Bwana Sleyum akapiga kelele, "nnakuripoti polisi umetoroka kazini!"

Hakugeuka. Na mkono wake Bwana Sleyum ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta simu.